Louis Blériot: Mtengenezaji wa Taa za Magari Aliyeifanya Ndege Kuwa Biashara

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 25 Julai, 1909, mhandisi wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 37, akitembea kwa magongo kutokana na jeraha la moto mguuni, alipanda ndege ndogo ya mbao, nyaya na kitambaa karibu na mji wa Calais, kaskazini mwa Ufaransa. Dakika 36 na sekunde 30 baadaye alitua kwenye uwanda wa majani jirani na ngome ya Dover, nchini Uingereza. Kwa safari hiyo Louis Blériot alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kwa ndege yenye injini mlango wa bahari unaotenganisha nchi hizo mbili.

Tukio hilo ndilo linalotajwa zaidi katika historia yake, lakini ni sehemu tu ya maisha yake. Kabla ya siku hiyo, Blériot alikuwa mfanyabiashara aliyetumia faida ya kiwanda chake kugharamia majaribio yaliyoshindwa mara nyingi. Baada ya siku hiyo, akawa mmoja wa watu wa kwanza duniani kutengeneza ndege kwa wingi na kuziuza. Aidha, alipobaini kwamba ndege zilizompa jina na utajiri zilikuwa na kasoro inayoweza kuua, alilazimika kuchagua kati ya mauzo yake na maisha ya marubani. Makala haya yanaeleza safari hiyo kwa ukamilifu wake.

Mtoto wa Cambrai na biashara ya taa

Louis Blériot alizaliwa tarehe 1 Julai, 1872 katika mji wa Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa Charles Blériot, mtengenezaji wa vitambaa, na mkewe Clémence. Alisoma Cambrai na baadaye Amiens, kisha akaenda Paris kujiandaa kwa mtihani wa kujiunga na École Centrale, mojawapo ya vyuo vya uhandisi vyenye heshima kubwa nchini humo. Alifaulu mtihani huo, na baada ya kuhitimu alitumikia jeshi akiwa ofisa wa kikosi cha mizinga huko Tarbes, kusini magharibi mwa nchi.

Alipotoka jeshini aliajiriwa na kampuni ya uhandisi wa umeme mjini Paris. Wakati huo magari yalikuwa yameanza kuonekana katika barabara za Ulaya, lakini hayakuwa na taa za kuaminika za kumwezesha dereva kusafiri usiku. Blériot alibuni taa ya mbele iliyotumia gesi ya asetilini, ikiwa na mtungi wake mdogo wa kuzalishia gesi hiyo. Mwaka 1897 alifungua duka la kuonesha na kuuza taa hizo katikati ya jiji la Paris. Muda si mrefu watengenezaji wakubwa wa magari, wakiwamo Renault na Panhard-Levassor, wakawa wateja wake.

Mwaka 1901 alifunga ndoa na Alice Védères, binti wa ofisa mstaafu wa jeshi. Bibi Alice alikuwa karibu na mumewe katika miaka yote ya majaribio, na siku ya safari ya kuvuka bahari alikuwa ndani ya manowari iliyotumwa kumsindikiza.

Biashara ya taa ilimpa Blériot maisha mazuri, na angeweza kuridhika nayo. Lakini mwaka 1900, katika Maonesho ya Dunia yaliyofanyika Paris, aliiona mashine ya kurukia iliyotengenezwa na Mfaransa Clément Ader. Mashine hiyo yenye mabawa mfano wa popo ilimwamshia shauku ambayo hakuweza kuizuia. Tangu hapo sehemu kubwa ya faida ya taa ilianza kuingia katika karakana ya ndege.

Miaka ya majaribio na ajali

Majaribio yake ya mwanzo yalihusu vyombo vilivyokusudiwa kuruka kwa kupigapiga mabawa kama afanyavyo ndege wa angani. Hakuna hata kimoja kilichoruka. Mwaka 1905 alikutana na Gabriel Voisin, fundi kijana aliyekuwa akitengeneza vyombo visivyo na injini, vyenye maboya ya kuelea, ambavyo vilivutwa na boti katika Mto Seine hadi vikainuka. Blériot aliagiza chombo cha namna hiyo. Kilipojaribiwa mwezi Julai mwaka huo, kilipinduka na kuanguka mtoni, na Voisin aliyekuwa akikiendesha nusura azame.

Pamoja na ajali hiyo, wawili hao waliungana na kuanzisha karakana ya pamoja. Ndege walizotengeneza, Blériot III na Blériot IV, hazikufanikiwa kuruka. Tarehe 12 Novemba, 1906, Blériot IV iliharibika katika viwanja vya Bagatelle, Paris. Siku hiyo hiyo na mahali hapo hapo, Alberto Santos-Dumont kutoka Brazil aliruka umbali wa mita 220 mbele ya mashahidi. Ushirika wa Blériot na Voisin ulivunjika, na kila mmoja akaendelea na njia yake.

Kuanzia hapo Blériot alifanya kazi kwa fedha zake na kwa mawazo yake. Wakati wabunifu wengi walifuata mfano wa ndugu Orville na Wilbur Wright wa Marekani, ambao ndege yao iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 1903 ilikuwa na mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, yeye aliamini katika ndege yenye jozi moja tu ya mabawa. Mwezi Aprili 1907 ndege yake ya tano iliinuka na kwenda umbali wa takriban mita sita. Baada ya siku chache ilianguka na kuvunjika vibaya. Ndege ya sita ilifikia mita 150 mwezi Julai. Ya saba ilivuka mita 500 kabla ya mwaka kwisha, nayo pia ikavunjika mwezi Desemba.

Kila ajali ilimgharimu fedha, lakini pia ilimfundisha jambo. Ndege ya saba ilikuwa na injini na rafadha mbele, mabawa katikati, na mkia nyuma wenye vipande vya kuongozea. Mpangilio huo ndio uliokuja kutumiwa na ndege nyingi duniani kwa miongo iliyofuata. Katika ndege ya nane, rubani aliongoza kwa mkono uliokamata usukani wa wima, na kwa miguu iliyokanyaga kigingi cha kugeuzia mkia kulia au kushoto. Hata leo rubani anayeishusha ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, bado anagawana kazi hiyo kati ya mikono na miguu yake.

Tarehe 31 Oktoba, 1908, kwa kutumia ndege hiyo ya nane, Blériot alisafiri kutoka Toury hadi Artenay na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 28. Siku moja kabla yake, rubani mwenzake Henri Farman alikuwa amesafiri umbali unaokaribiana na huo kutoka Bouy hadi Reims. Safari hizo mbili zilithibitisha kuwa ndege ingeweza kutoka mji mmoja na kufika mji mwingine, badala ya kuzunguka tu juu ya uwanja wa majaribio mbele ya watazamaji.

Fedha zinakwisha, shindano linatangazwa

Kufikia mwaka 1909 majaribio ya Blériot yalikuwa yamemgharimu si chini ya faranga 780,000. Ili msomaji apime uzito wa kiasi hicho, fundi stadi katika karakana ya ndege wakati huo alilipwa takriban faranga 250 kwa mwezi. Fedha za taa zilikuwa zimetumika, na hakukuwa na mauzo ya ndege ya kuzirudisha. Kwa lugha ya biashara, Blériot alikuwa amekaribia ukingoni.

Katika hali hiyo, tuzo zilizotolewa na magazeti na taasisi hazikuwa za heshima pekee, bali zilikuwa njia ya kunusuru karakana. Gazeti la Daily Mail la London lilikuwa limetangaza tuzo kwa mtu wa kwanza kuvuka kwa ndege mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Mwanzoni ilikuwa pauni 500, na mwaka 1909 ikaongezwa hadi pauni 1,000. Sharti lilikuwa safari ifanyike kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua.

Ndege aliyoitegemea Blériot ilikuwa ya 11 katika mfululizo wake, nayo ikaitwa Blériot XI. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 23 Januari, 1909. Injini yake ya awali haikuaminika, hivyo akaibadilisha kwa injini ya Anzani yenye silinda tatu na nguvu za farasi 25, pamoja na rafadha ya mbao iliyochongwa na Lucien Chauvière. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa mita 7.8 hivi kutoka ncha hadi ncha. Ilikuwa ndege ndogo, nyepesi, na rahisi kufunguliwa na kusafirishwa kwa treni.

Mwezi Juni mwaka huo, ndege yake nyingine, Blériot XII, ilibeba abiria wawili pamoja na rubani, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla. Mmoja wa abiria hao alikuwa Santos-Dumont. Tarehe 13 Julai, Blériot XI ilisafiri kilomita 41 kutoka Étampes kuelekea Orléans na kushinda tuzo ya safari ya nchi kavu. Hata hivyo, katika mojawapo ya safari za mwezi huo kifuniko cha bomba la moshi la injini kilichomoka, na joto likaunguza vibaya mguu wa Blériot. Alipotangaza kuwa anaingia katika shindano la kuvuka bahari, alikuwa akitembea kwa magongo.

Washindani wake hawakuwa wa kubezwa. Hubert Latham, kijana tajiri aliyependwa na umma, alikuwa amekwisha kupiga kambi Sangatte na ndege yake aina ya Antoinette. Tarehe 19 Julai, Latham aliruka kuelekea Uingereza, lakini injini ilizimika naye akatua juu ya maji, akaokolewa na meli iliyokuwa ikimfuata. Aliagiza ndege nyingine haraka ili ajaribu tena. Mshindani wa tatu, Charles de Lambert, alikuwa na ndege za ndugu Wright. Wakati huo wote, upepo mkali uliwazuia kuruka.

Dakika 36 na nusu juu ya maji

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai upepo ulitulia. Blériot aliamshwa kabla ya mapambazuko, akajaribu ndege yake kwa mzunguko mfupi, kisha akasubiri jua lichomoze kama sharti lilivyotaka. Saa 10:41 alfajiri aliondoka Les Baraques, karibu na Calais. Katika kambi ya Latham, siku hiyo walichelewa kuamka.

Blériot aliruka bila dira. Alipanga kufuata mwelekeo wa manowari Escopette iliyotangulia, lakini ndege ikaipita baada ya muda mfupi. Kwa mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, kwenye kimo kisichofikia mita 100, aliingia katika ukungu. Kwa zaidi ya dakika kumi hakuona mbele yake wala nyuma yake chochote ila maji. Hakuwa na njia ya kujua iwapo ndege ilikuwa ikielekea Uingereza au ikipotea kuelekea Bahari ya Kaskazini. Alichofanya ni kuishikilia ndege katika mstari ule ule aliouanza.

Hatimaye mstari wa pwani ya Uingereza ulijitokeza. Upepo ulikuwa umemsukuma mashariki mwa Dover, hivyo akageuka na kuufuata ukingo wa majabali meupe. Mwandishi wa habari wa Kifaransa, Charles Fontaine, alikuwa amechagua mahali pa kutua na kusimama hapo akipunga bendera kubwa ya Ufaransa. Blériot aliiona, akaingia katika pengo la majabali, akazima injini akiwa kwenye kimo cha mita 20 hivi kutokana na upepo uliokuwa ukimyumbisha. Ndege iligonga ardhi kwa kishindo, rafadha na magurudumu vikaharibika, lakini rubani hakuumia.

Habari hizo zilienea duniani kwa simu za maandishi siku hiyo hiyo. Kwa Waingereza, tukio hilo lilikuwa na maana nzito. Kwa karne nyingi bahari ilikuwa ngao ya nchi yao, na sasa mtu mmoja alikuwa ameivuka kwa ndege. Ndege hiyo iliwekwa katika duka kubwa la Selfridges, London, ambako katika muda wa siku nne watu wapatao 120,000 walikwenda kuitazama. Kwa sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Arts et Métiers, Paris. Nacho kijiji cha Les Baraques kilibadilishwa jina na kuitwa Blériot-Plage kwa heshima yake.

Kutoka karakana hadi kiwanda

Tuzo ya pauni 1,000 haikutosha kurudisha fedha zote zilizotumika. Kilichomwokoa Blériot ni wateja. Watu binafsi, vyama vya urukaji na majeshi ya nchi mbalimbali walitaka ndege kama ile iliyovuka bahari. Hadi mwisho wa Septemba 1909 alikuwa amepokea oda zaidi ya 100, kila ndege ikiuzwa kwa faranga 10,000.

Blériot alitumia uzoefu wake wa kiwanda cha taa kupanga uzalishaji. Hakuuza mashine pekee, kwani alitambua kuwa anayenunua ndege bila kujua kuirusha atajiua au ataiacha ghalani. Alianzisha shule za urubani karibu na Étampes na huko Pau, mji wa kusini wenye hali ya hewa inayofaa wakati wa baridi, na mwaka 1910 akafungua nyingine Hendon, jirani na London. Yeye mwenyewe alikuwa na cheti namba 1 cha urubani kilichotolewa na Aéro-Club ya Ufaransa. Kati ya mwaka 1909 na kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914, kampuni yake ilitengeneza takriban ndege 900, nyingi zikiwa za muundo wa Blériot XI.

Katika miezi iliyofuata ushindi wake aliendelea kushindana. Katika mashindano ya Reims ya Agosti 1909 alishindwa na Mmarekani Glenn Curtiss kwa tofauti ya takriban sekunde sita. Desemba mwaka huo, katika maonesho ya urukaji mjini Istanbul, upepo uliitupa ndege yake juu ya paa la nyumba. Alivunjika mbavu na kulazwa hospitalini kwa wiki tatu. Baada ya ajali hiyo aliacha mashindano na kujikita katika uongozi wa kampuni.

Ndege zake ziliendelea kuandika historia zikiwa mikononi mwa wengine. Mwezi Septemba 1910, Jorge Chávez, rubani wa asili ya Peru, alivuka milima ya Alps kwa Blériot XI, ingawa ndege ilianguka wakati wa kutua naye akafariki siku chache baadaye. Tarehe 16 Aprili, 1912, Harriet Quimby wa Marekani akawa mwanamke wa kwanza kurusha ndege na kuvuka mlango wa bahari ule ule. Bara la Afrika nalo liliingia katika historia hiyo kwa njia ya vita. Tarehe 23 Oktoba, 1911, nahodha Carlo Piazza wa jeshi la Italia aliruka kwa Blériot XI kutoka Tripoli, Libya, kuchunguza majeshi ya Dola ya Uthmaniya. Safari hiyo huhesabiwa kuwa matumizi ya kwanza ya ndege katika uwanja wa vita.

Mabawa yaliyovunjika

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa huzuni. Tarehe 4 Januari, 1910, rubani mashuhuri Léon Delagrange alifariki karibu na Bordeaux baada ya bawa la ndege yake, Blériot XI iliyofungwa injini yenye nguvu zaidi, kuvunjika angani. Ajali nyingine za aina hiyo zikafuata. Mwanzoni Blériot aliimarisha boriti kuu za mabawa, akiamini kuwa udhaifu ulikuwa hapo. Lakini mabawa yaliendelea kuvunjika.

Uchunguzi wa kina ulimfikisha kwenye sababu ambayo wahandisi wengi wa zama zile hawakuizingatia. Bawa la ndege yake lilishikiliwa na nyaya za chini na nyaya za juu. Iliaminika kuwa kazi nzito ni ya nyaya za chini, kwa kuwa ndege inaporuka hewa hulisukuma bawa juu. Nyaya za juu zilidhaniwa kuwa na kazi ndogo ya kushikilia bawa ndege ikiwa ardhini au inapotua. Blériot alibaini kwamba rubani anapoishusha ndege ghafla, au anapokutana na upepo wa misukosuko, hewa huweza kulikandamiza bawa kutoka juu kwa nguvu kubwa inayokaribia ile ya chini. Nyaya za juu zikikatika, bawa hukunjika.

Wakati huo jeshi la Ufaransa lilikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Kuliambia jeshi kwamba ndege zilizokwisha kulipiwa zina kasoro kulikuwa ni kuhatarisha oda zote zijazo. Angeweza kuwalaumu marubani, ambao wengi wao hawakuwa hai kujitetea. Badala yake, mwanzoni mwa mwaka 1912 Blériot aliwasilisha ripoti iliyoeleza tatizo hilo bayana. Mwezi Februari jeshi lilisimamisha matumizi ya ndege zote zenye jozi moja ya mabawa. Majaribio yaliyofanyika baadaye yalithibitisha maelezo yake, nyaya za juu zikaimarishwa, na katazo likaondolewa katika mwaka huo huo.

Biashara yake haikuporomoka kama ilivyoweza kuhofiwa. Kinyume chake, ukweli huo ulimwongezea heshima kwa wateja na wahandisi wenzake. Wakati huo hapakuwa na mamlaka za usafiri wa anga zenye uwezo wa kumlazimisha mtengenezaji kutoa taarifa za kasoro. Utaratibu unaofuatwa leo duniani, wa kusimamisha aina nzima ya ndege inapobainika kuwa na hitilafu hadi marekebisho yathibitishwe, una mojawapo ya mifano yake ya awali katika tukio hilo la 1912.

Vita, amani na miaka ya mwisho

Mwaka 1913 kampuni ya Deperdussin, mshindani mkubwa wa Blériot, ilitikisika baada ya mwanzilishi wake kukamatwa kwa tuhuma za udanganyifu wa fedha. Kundi la wawekezaji likiongozwa na Blériot liliinunua kampuni hiyo na kumbakiza mbunifu wake mahiri, Louis Béchereau. Jina lilibadilishwa, lakini herufi za kifupi, SPAD, zikabaki zile zile.

Uamuzi huo ulikuja kuwa na uzito mkubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege za kivita za SPAD zilitumiwa na Ufaransa na washirika wake. Aina moja peke yake, SPAD XIII, ilitengenezwa kwa idadi iliyozidi 8,000. Mtu ambaye miaka kumi kabla ya hapo alifurahia kuruka mita sita alikuwa sasa akisimamia viwanda vilivyolisha jeshi la anga la nchi nzima.

Amani ilipokuja, oda za kijeshi zilikoma karibu kwa mara moja. Blériot alijaribu kutumia viwanda vyake kutengeneza pikipiki na bidhaa nyingine, huku akiendelea kubuni ndege za kiraia. Mwaka 1927 alikuwapo Paris kumpokea Charles Lindbergh, aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka New York. Agosti 1933, marubani Maurice Rossi na Paul Codos walitumia ndege aina ya Blériot 110 kuruka bila kutua kutoka New York hadi Rayak, nchini Lebanon, umbali wa kilomita 9,104, ambao ulikuwa rekodi ya dunia kwa wakati huo.

Hata hivyo, kampuni ilikabiliwa na uhaba wa oda katika miaka ya mdororo wa uchumi. Louis Blériot alifariki Paris tarehe 1 Agosti, 1936 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 64. Alifanyiwa mazishi ya heshima za kijeshi na kuzikwa Versailles. Muda mfupi baadaye viwanda vyake vikawa sehemu ya mpango wa serikali ya Ufaransa wa kutaifisha viwanda vya ndege.

Urithi wake

Mwaka huo wa 1936, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga lilianzisha Medali ya Louis Blériot, inayotolewa kwa wanaoweka rekodi za mwendo, kimo na umbali kwa ndege nyepesi. Ni heshima inayolingana na historia yake, kwani ndege iliyomfikisha Dover ilikuwa na injini yenye nguvu za farasi 25 tu, inayozidiwa kwa nguvu na injini za magari mengi madogo ya leo.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Blériot alishindwa kwa ndege moja baada ya nyingine, akabadilisha muundo, injini na hata washirika, hadi alipopata kilichofanya kazi. Hata hivyo, urithi wake hauishii katika ustahimilivu. Safari ya dakika 36 na nusu ilimpatia jina na wateja. Ripoti ya mwaka 1912, aliyoiandika huku akijua kuwa ingeweza kumwondolea wateja hao, iliwafanya marubani waliobaki waendelee kupanda ndege zenye jina lake wakiwa na sababu ya kuziamini.